Kurudisha gari yadi baada ya kulinunua: dhana potofu na ukweli

Dhana inayowaumiza wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hapa Tanga ni kwamba mtu ana siku tatu, wengine husema wiki, za kulirudisha gari yadi na kurejeshewa fedha zake hata bila sababu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haina siku hizo. Kujuta, au kukuta gari kama hilo linauzwa kwa bei nafuu zaidi Dar es Salaam, hakumlazimishi muuzaji kulipokea, isipokuwa kama mliandikishana hivyo.

Wapo pia wanaokata tamaa mapema kwa sababu risiti imepigwa muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Muhuri huo hausafishi uongo. Ikiwa kilometa zilirudishwa nyuma, au muuzaji alificha kwa makusudi kwamba gari limewahi kupinduka, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa nafasi ya kuubatilisha mkataba, ingawa mahakama itauliza kama angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Ndiyo maana kutu ya chini ya gari, ambayo hewa ya chumvi ya pwani yetu huileta upesi, ni vigumu kuilalamikia baadaye: fundi angelala chini ya gari dakika tano angeiona.

Dhana ya tatu ndiyo iliyomponza shemeji yangu wa Ngamiani, nami nailalamikia hadi leo. Gari alilolinunua lilianza kuchemsha wakati akipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Fundi alipofungua kifuniko cha oili alikuta utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Shemeji aliamini kwamba ni lazima alitengeneze kwanza, kisha apeleke gharama yadi. Silinda hedi ikafunguliwa, gasketi ikabadilishwa, ile ya zamani ikatupwa jalalani. Alipokwenda kudai, aliulizwa swali moja tu: una ushahidi gani kwamba ubovu huo ulikuwepo siku tulipokuuzia? Hakuwa nao, kwa kuwa alikuwa amemlipa fundi auondoe.

Alichopaswa kufanya ni kuliegesha gari, kumwarifu muuzaji siku ileile kwa maandishi yenye tarehe, na kumwita fundi mwingine alikague na kuandika alichokiona kabla ya nati yoyote kufunguliwa. Anayeendelea kulitumia gari kwa wiki kadhaa bila kusema neno huhesabiwa kuwa amelikubali, na hapo kinachobaki ni kudai fidia, si kulirudisha. Tena, mnunuzi mwenye haki ya kulikataa gari halazimiki kulikokota mwenyewe hadi yadi. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba amelikataa.

Polisi si mahali pa kudai gari bovu, kwani ubovu peke yake ni shauri la madai, labda pawe na utapeli. Malalamiko ya muuzaji kupotosha wateja hupokelewa na Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003.

Na hata mkikubaliana kwa amani, kukabidhi funguo hakutoshi: ikiwa kadi ya usajili wa gari imeshaandikwa jina lako, umiliki urudishwe rasmi Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujaliacha gari, la sivyo kwenye kumbukumbu za serikali litaendelea kuwa lako.