Nguvu za kifua, mabega na mikono bila vyuma: maswali na majibu

Sijawahi kumaliza pushapu hata moja. Nianzie wapi?

Anzia ukutani, wala usione haya. Wengi hujitupa sakafuni siku ya kwanza, mikono ikatetemeka, wakaangukia kifua, na tangu hapo wakaamini hawana nguvu. Kumbe pushapu ya sakafuni inakubebesha karibu asilimia 65 ya uzito wako. Mwenye kilo 80 anasukuma zaidi ya kilo 50! Mzigo huo si wa kuanzia.

Dawa ni kuinua mikono. Kadiri viganja vinavyokuwa juu, ndivyo mzigo unavyopungua. Anza na ukuta, kisha meza imara, kisha kiti kilichoegemezwa ukutani, ndipo sakafu. Ukiweza kupiga 12 safi kwa mizunguko mitatu, ukipumzika dakika moja au mbili kati ya mzunguko na mzunguko, shusha mikono hatua moja.

Ukifika sakafuni ukakwama, jifunze kushuka kwanza. Msuli huhimili mzigo mkubwa zaidi unapoushusha kuliko unapouinua. Kaa juu, mikono imenyooka, kisha shuka taratibu ukihesabu moja hadi tano mpaka kifua kiguse chini. Hapo weka magoti, inuka, rudia. Mara tano zikifanywa hivyo zinachosha kuliko ishirini za harakaharaka, na ndizo zitakazokupa pushapu yako ya kwanza.

Nitajuaje kwamba nakosea?

Tazama viwiko na kiuno. Anayekutazama kutoka juu aone umbo la mshale, viwiko vikielekea nyuma kidogo. Vikichanuka pembeni hadi usawa wa mabega, mabega ndiyo yatakayolalamika. Kiuno nacho kisibonyee: tumbo likigusa sakafu kabla ya kifua, umelegea. Kaza matako na tumbo, mwili unyooke kuanzia kichwani hadi visiginoni.

Vuta pumzi ukishuka, itoe ukisukuma. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla, na mwenye presha hapaswi kulichezea hilo. Kama una presha au ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari kabla ya kuanza.

Pushapu pekee zinatosha?

Hazitoshi, na hili linanisikitisha kwa sababu watu hulisahau sana. Pushapu ni kusukuma tu: kifua, mbele ya mabega, nyuma ya mkono. Mgongo hufanya kazi kubwa pale unapovuta. Kaa sakafuni, nyoosha miguu, pitisha taulo kwenye nyayo, shika ncha zake mbili. Vuta kwa nguvu viwiko vikirudi nyuma karibu na mbavu huku miguu ikikataa kusogea. Shikilia sekunde 10, legeza, rudia mara sita, na uendelee kupumua. Ukiwa na mhimili imara wa kuning'inia, ning'inia sekunde chache kila mara. Kujivuta kutafuata baadaye.

Nifanye kila siku?

La. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku 3 zenye pumziko katikati ni nzuri. Usivunjike moyo kioo kisipoonyesha kitu wiki za mwanzo: nguvu hutangulia unene, maana ubongo na neva hujifunza kwanza kuiamrisha misuli uliyonayo.

Mimi ni mwanamke. Je, nitajaa misuli kama mwanamume?

Hapana. Homoni ya testosteroni, inayochangia sana misuli minene, ni kidogo mno kwa wanawake. Nguvu utazipata vizuri tu.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Kukaza na kuuma kwa misuli siku moja hadi tatu baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu makali kwenye kiungo, hasa bega au kifundo cha mkono, yanakutaka uache zoezi hilo. Ukibanwa kifua au kuhisi unataka kuzimia, acha mara moja utafute msaada wa dharura. Na kama baada ya kujikamua kupita kiasi misuli imevimba na mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo: misuli iliyoharibika inamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuumiza figo.