Viambatisho vya Barua Pepe: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Maombi ya kazi jijini Nairobi yana uzito wake. Mwajiri, hasa wa umma, huomba wasifu, vyeti vya masomo na nakala ya kitambulisho, kisha huongeza cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), kibali cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cheti cha KRA (mamlaka ya mapato) cha utiifu wa kodi, kibali cha EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na ripoti ya mikopo, ile ambayo wengi huiita tu CRB. Kila mara nyaraka hizo zinapotumwa kwa barua pepe, nakala nzima hubaki katika akaunti ya mtumaji, na baada ya miaka kadhaa hutokea ilani kwamba hifadhi imejaa, bila mwenye akaunti kuelewa kilichoijaza. Hapo ndipo ushauri wa kila aina huanza kutolewa, na sehemu kubwa ya ushauri huo humpeleka mtu kufuta visivyo na uzito na kuacha vilivyo nao. Mifano mingi ya hapa ni ya Gmail, kwa kuwa ndiyo akaunti ambayo watumiaji wengi wa simu za Android huwa nayo.

Dhana: Kikasha hujazwa na maelfu ya barua zisizosomwa

Ukweli ni kwamba idadi ya barua na nafasi zinayoichukua ni mambo mawili tofauti. Barua ya maandishi matupu inaweza kuwa na kilobaiti 10 hivi. Kiambatisho, kwa upande wake, hakisafiri kama kilivyo, kwa sababu mfumo wa barua pepe ulibuniwa kubeba maandishi. Kanuni za MIME zilizotolewa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed ndizo zilizowezesha picha na faili kugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na mgeuzo huo huongeza uzito kwa takriban theluthi moja. Faili ya megabaiti 15 hufanya barua ya megabaiti 20 au zaidi kidogo, yaani sawa na barua 2,000 za maandishi matupu. Hiyo pia ndiyo sababu Gmail, yenye kikomo cha megabaiti 25 kwa kila barua inayotumwa, huweza kukataa kuambatisha faili ambayo kwenye kompyuta inasomeka kuwa na megabaiti 20 tu.

Kwa hiyo, anayekesha akifuta matangazo ya maduka ili apunguze tarakimu nyekundu kwenye simu amesafisha macho yake, si hifadhi yake. Kazi yenye faida huanza kwa kutafuta barua chache nzito. Katika kisanduku cha kutafutia cha Gmail, maneno has:attachment larger:10M huleta barua zenye viambatisho zinazozidi megabaiti 10. Ukiongeza older_than:2y, zitabaki zile tu zenye umri wa zaidi ya miaka 2, na filename:pdf huchuja zile zenye faili za PDF. Utafutaji huo hugusa pia barua zilizotumwa, na si ajabu mtu akagundua kwamba mzigo mkubwa aliubeba yeye mwenyewe alipotuma vyeti vilevile kwa waajiri tofauti.

Dhana: Kuhamishia barua kwenye kumbukumbu (Archive) hupunguza mzigo

Hakupunguzi chochote. Barua huondoka kikashani na kubaki katika Barua Zote ikiwa na viambatisho vyake vyote. Lebo nazo hazina uzito: barua moja yenye lebo tano huhesabiwa mara moja.

Dhana: Nikishapakua kiambatisho, kimetoka kwenye akaunti

Dhana hii ndiyo inayoleta hasara zaidi, kwa kuwa inawapotosha watu kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaopakua faili na kudhani kwamba wamepunguza mzigo, ilhali kupakua ni kunakili tu, na ya awali hubaki ilipokuwa. Wapo pia wanaofuta barua wakitarajia kwamba maneno yaliyoandikwa ndani yake yatabaki na faili pekee ndiyo itakayoondoka. Katika Gmail, iwe kwenye kivinjari au kwenye programu yake ya simu, hakuna kitufe cha kuondoa kiambatisho na kuiacha barua. Ukitaka kiambatisho kiondoke, barua yote huondoka.

Anayetaka kuhifadhi maneno na kuondoa faili hana budi kutumia programu ya kompyuta. Thunderbird, ambayo ni ya bure, humruhusu mtumiaji kukitenga kiambatisho, yaani kukihifadhi kwenye diski na kukiondoa katika barua kwa pamoja, au kukifuta kabisa. Apple Mail na Outlook ya kompyuta nazo zina amri za namna hiyo. Hata hivyo, akaunti ikiwa ni ya Gmail, programu hizo huandika barua mpya isiyo na kiambatisho na kuitupa ya zamani, na ile ya zamani inaweza kubaki katika Tupio au Barua Zote ikiendelea kuchukua nafasi. Baada ya kazi hiyo ni lazima kurudi kwenye Gmail yenyewe na kuhakikisha.

Lipo jambo la kufikiria kabla ya kutenganisha faili na barua yake. Faili iliyopakuliwa haisemi ilitumwa na nani, kwa nani wala lini. Habari hizo zimo katika barua. Kwa picha za harusi hilo halina uzito, lakini kwa mkataba wa nyumba, zabuni au barua ya kuachishwa kazi linaweza kuwa kiini cha shauri. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaweka masharti ya kupokewa kwa rekodi za kielektroniki mahakamani, na wakili yeyote atafurahi zaidi kuletewa barua nzima kuliko faili isiyojulikana ilikotoka. Gmail kwenye kompyuta ina amri ya kupakua barua yote kama faili ya EML, yenye maneno, tarehe, anwani na viambatisho ndani yake. Kwa nyaraka za aina hiyo, hiyo ndiyo nakala ya kuweka.

Kabla ya kufuta, faili iliyopakuliwa ifunguliwe. Taarifa za M-Pesa na za benki nyingi huja zikiwa zimefungwa kwa nywila, na mtu anayehifadhi PDF bila nywila yake hatakuwa na kitu cha kusoma mwaka ujao.

Dhana: Kuhamishia faili kwenye Google Drive huacha nafasi kwenye barua

Gigabaiti 15 zinazotolewa bure na Google ni za Gmail, Drive na Google Photos kwa pamoja, na tangu tarehe 1 Juni 2021 hata picha mpya zilizopunguzwa ubora huhesabiwa humo. Kuhifadhi kiambatisho kwenye Drive ya akaunti ileile bila kufuta barua ni kukilipia mara mbili. Nakala ya akiba iwe nje ya akaunti hiyo: kwenye kompyuta, diski ya nje au angalau flashi. Mwenye barua nyingi anaweza kuagiza nakala ya akaunti nzima kupitia Google Takeout na kuipakua akiwa penye Wi-Fi, kwani kupakua gigabaiti kadhaa kwa bando la simu ni gharama isiyo na sababu.

Dhana: Kilichofutwa kimekwisha

Barua iliyofutwa katika Gmail hukaa kwenye Tupio kwa siku 30, na katika siku hizo bado inahesabiwa. Anayehitaji nafasi leo hana budi kulimwaga Tupio mwenyewe, na takwimu ya hifadhi huenda isibadilike papo hapo. Haraka hiyo ina sababu: akaunti iliyojaa haipokei barua mpya, nazo humrudia aliyezituma. Mwombaji kazi aliyeitwa kwenye usaili Upper Hill hatajua kwamba aliitwa.

Kufuta kwako hakugusi kabisa kikasha cha uliyemtumia. Nakala ya kitambulisho iliyotumwa kwa wakala wa nyumba itabaki kwake hadi aifute yeye. Hapo ndipo sheria inapoingia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 39, inazuia data binafsi kuhifadhiwa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa lengo lililoikusanya, isipokuwa kwa sababu zinazokubaliwa na sheria. Ofisi yenye vitambulisho na vyeti vya waombaji ambao haikuwaajiri, vikiwa vimelala kikashani mwaka baada ya mwaka, ina kazi ya kufanya, na haifanyi hisani inapoifanya. Vilevile, faili iliyopakuliwa kwenye kompyuta ya saiba mjini ili ichapishwe hubaki katika folda ya vipakuliwa baada ya mteja kulipa na kuondoka, hata kama alitoka kwenye akaunti yake ipasavyo.

Dhana: Cha zamani hakina kazi

Umri si kigezo cha kutosha. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi ahifadhi rekodi zake kwa miaka 5 tangu mwisho wa kipindi cha kodi kinachohusika, kwa hiyo ankara za biashara na risiti zilizokuja kwa barua pepe hazifai kufagiliwa kwa sababu tu ni za mwaka juzi. Zinaweza kutolewa kikashani, mradi zipo mahali pengine zinapoweza kupatikana. Vyeti vya masomo ulivyojitumia mwenyewe mara nyingi, kinyume chake, vinahitaji nakala moja au mbili tu zilizotunzwa vizuri.

Dhana: Kukandamiza faili kuwa ZIP hutatua tatizo

Kwa PDF zilizoskaniwa na picha za JPEG faida yake ni ndogo mno, kwa kuwa zimekwisha kukandamizwa tayari, na hata hati ya DOCX kwa ndani ni ZIP. Kinachopunguza uzito ni namna ya kuskani. Cheti cha maandishi kilichoskaniwa kwa rangi ya kijivu katika kiwango cha nukta 150 au 200 kwa inchi husomeka vizuri, na uzito wake ni sehemu ndogo ya kile kilichoskaniwa kwa rangi zote katika nukta 600.

Njia nyingine ni kutuma kiungo cha Drive badala ya faili, kwani nakala moja huwafaa wapokeaji wote na huhesabiwa kwa mwenye faili peke yake. Ila anayesafisha Drive yake baadaye akumbuke kwamba akiifuta faili hiyo, kiungo alichompa mwajiri hakitafunguka tena; kwa maombi ambayo hayajajibiwa, kiambatisho chepesi bado ni salama zaidi.