Begi la mtoto mchanga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Binti wa mdogo wangu alikuja Tanga kujifungulia nyumbani, mimba ya kwanza, wiki ya 36. Alishuka kwenye basi na begi la shangazi kaja lililojaa vitu vya mtoto kutoka Kariakoo. Alinisalimia shikamoo, akanywa maji, kisha akalimwaga begi lote kitandani. "Mama mkubwa, niangalizie. Kipi kimepungua?"

Chupa nne za kunyonyeshea. Kopo la maziwa ya unga. Poda mbili. Gripe Water, dawa ya maji ya tumbo la mtoto. Wanja. Kimto chenye shimo katikati cha kutengenezea kichwa. Chandarua cha mwavuli. Na woka, kile kigari cha kujifunzia kutembea, ambayo mtoto asingeweza hata kuikalia kwa miezi mingi. Kipima joto hakikuwemo, na akiba ya nauli ya kwenda hospitali usiku alikuwa hajaiweka.

Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, nikipima uzito na kuchoma chanjo, na begi la namna hii nimeliona mara nyingi. Kila kitu ndani yake kina mtu aliyekisemea: mama mkwe, shoga wa kazini, muuza duka. Mzazi mpya hununua kwa hofu, na hofu yenyewe hutokana na maneno aliyoambiwa. Kwa hiyo tulikaa pale kitandani, tukaanza na maneno kabla ya vitu.

"Maziwa hayajatoka, mpe kitu anywe kwanza"

Neno hili ndilo linalouza chupa na kopo. Siku ya kwanza mama hukamua titi na kuona matone machache, mazito, ya njano. Anaambiwa hayo ni machafu, yamwagwe, mtoto apewe maji ya sukari mpaka maziwa meupe yashuke. Matone hayo ndiyo dang'a, na hakuna dukani kitu kinachoyakaribia. Yamejaa kinga za mwili wa mama na husaidia mtoto kupata choo cha kwanza, kile cheusi kama lami. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Siku ya kwanza linachukua kama kijiko kimoja cha chai kwa mkupuo. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja tangu azaliwe, ngozi kwa ngozi, na aachwe atafute mwenyewe.

Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Kila chupa ya kopo unayompa mtoto aliyekuwa anyonye ni ujumbe kwa titi kwamba kazi imepungua, na baada ya wiki mbili mama anasema kwa dhati kabisa kwamba hana maziwa. Nimewasikia wengi wakilisema hilo huku wanalia, na kwa wengi wao tatizo lilianzia kwenye ile chupa ya siku ya pili.

Utajuaje kama anashiba? Kulia peke yake si kipimo, maana mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, au kwa kutaka kubebwa tu. Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Uzito wake hushuka siku za mwanzo, hata kufikia sehemu moja ya kumi, kisha hurudi ulipokuwa kufikia wiki ya pili. Mkipima kliniki na kadi ikaonyesha umerudi, maneno ya jirani yaacheni yapite.

Na maji je, kwa joto hili la pwani? Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 87. Mpaka atimize miezi sita hahitaji tone la maji mengine, hata Februari.

Lipo na neno jingine, kwamba maziwa yaliyokaa titini kutwa huchacha, hivyo mama akitoka kazini au juani akamue ya kwanza amwage. Titi si mtungi. Maziwa hayaharibiki yakiwa mwilini, na mama akifika nyumbani anaosha mikono na kunyonyesha. Yanayoharibika ni yaliyokamuliwa: kwenye chumba cha nyuzi joto 25 hukaa saa nne, na kwenye nyumba ya bati mchana usiyaachie muda huo. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Ya kupasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe.

Mama mwenye ajira Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya likizo hiyo ni miezi mitatu. Wengi hawaziombi saa zao mbili kwa kutojua kama ni haki.

Wapo wanaoamini kwamba mama mwenye virusi vya UKIMWI hapaswi kunyonyesha kabisa. Mwongozo wa sasa unasema anyonyeshe, bila kuchanganya na kitu kingine miezi sita ya kwanza, huku akimeza ARV zake bila kuruka na mtoto akipewa dawa ya kinga. Kuchanganya maziwa ya titi na vyakula vingine katika miezi hiyo ndiko kunakoongeza hatari.

Kopo lina mahali pake. Kuna mtoto aliyefiwa na mama, na kuna mama anayetumia dawa zisizopatana na kunyonyesha. Mzazi wa namna hiyo anahitaji maelekezo, na asisimangwe. Unga huo si kitu kisicho na vimelea hata kopo likiwa jipya: maji yachemshwe, unga ukorogwe yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe. Usiongeze maji ili kopo lidumu. Na mnyweshee kikombe kidogo cha wazi, kwa sababu kikombe unakisugua kikatakata, wakati chuchu ya chupa huficha ukoko wa maziwa kwenye kona zake. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo na chupa, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Ukiona kopo la bure linagawiwa mama aliyetoka kujifungua, jua hapo kuna kanuni inayovunjwa.

Chupa tatu tulizirudisha kwenye begi. Moja aliibakiza. Sikubishana naye.

"Kitovu kikichelewa kukatika kitamharibu"

Hapa sauti yake ilishuka, kwa sababu alikuwa anatarajia mtoto wa kiume. Ameambiwa kitovu kikiangukia sehemu za siri za mvulana atakuja kuwa hanithi. Neno hili limeenea pwani yote na halina ukweli. Kipande kile kimekauka, kimekufa, hakina cha kumfanya mtoto popote kitakapoangukia.

Hatari inatokana na haraka inayoletwa na hofu hiyo. Ili kikatike upesi watu hupaka majivu, mate, mafuta, poda, dawa ya meno, wengine hata kinyesi cha ng'ombe. Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi kuingia mwilini, na kwa mlango huo hupita wadudu wa pepopunda na wa sumu ya damu. Kiache kikavu na safi, kunja nepi chini yake ili mkojo usikiloweshe, kisha usubiri. Vingi hukatika ndani ya wiki mbili.

Mhudumu akikupa jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, itumie alivyokuelekeza, kitovuni tu. Iweke mbali kabisa na dawa ya macho, maana vichupa hufanana na kuna watoto walioumizwa macho kwa kosa hilo. Kitovu kikinuka, kikitoa usaha, au wekundu ukatambaa kwenye ngozi ya tumbo, usisubiri kesho.

"Ana mchango, mpe Gripe Water"

Mtoto wa wiki tatu anayelia kila jioni hutisha nyumba nzima. Atakunja miguu, atakuwa mwekundu, na mtu atasema ni mchango, yaani msokoto wa tumbo. Gripe Water ilibuniwa Uingereza mwaka 1851 na mwuza dawa William Woodward wa Nottingham, na kwa zaidi ya miaka mia ilikuwa na pombe ndani yake. Uingereza iliondoa pombe hiyo mwaka 1992. Bibi zetu waliona mtoto ananyamaza, na kweli alinyamaza.

Nyingi za sasa hazina pombe, ila hazijathibitishwa kwamba zinatibu kulia kwa jioni. Kulia huko huzidi kufikia wiki ya sita, kisha hupungua mtoto akikaribia miezi mitatu au minne, na chupa iliyokuwa ikitumika wiki hiyo ndiyo hupewa sifa. Dawa za miti zinazochemshwa kwa ajili ya mchango zinanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa kipimo chake hakijulikani na figo na ini la mtoto bado ni changa.

Mcheulishe kila anaponyonya, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako huku ukitembea, mbebe kwa kanga. Ukizidiwa, mpe mtu mwingine, au mlaze mahali salama utoke nje dakika tano. Usimtikise kamwe, maana ubongo wake huumia. Kilio kinachokuja pamoja na homa, matapishi ya kijani, au kukataa kunyonya, hicho ni cha hospitali.

Wanja, poda na kimto

Wanja hupakwa machoni au kwenye paji la uso kwa kuogopa kijicho. Naiheshimu hofu ya mzazi kwa mwanawe. Lakini baadhi ya wanja hutengenezwa kwa madini ya risasi, na kuna aina zilizopimwa zikakutwa risasi ni zaidi ya nusu. Mtoto hujifuta uso, hulamba mkono, risasi ikaingia mwilini na kuudhuru ubongo. Poda nayo huelea hewani na kuingia mapafuni, na kwenye mikunjo ya shingo huganda na jasho ikamchubua. Maji, kitambaa laini, na kumkausha vizuri kunatosha.

Kimto tulikiondoa bila maneno mengi. Mwaka mzima wa kwanza mtoto alale chali, godoro gumu, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Watu hudhani akilala chali atapaliwa na matapishi, lakini njia yake ya hewa imekaa vizuri zaidi akiwa chali. Marekani ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka kumi iliyofuata. Kichwa kilichobonyea kidogo hujirudia. Akiwa macho mlaze kifudifudi dakika chache huku unamwangalia.

"Dawa ya chandarua itamdhuru mtoto"

Ndiyo maana alinunua cha mwavuli, akaacha kile alichopewa kliniki. Vingi vya mwavuli havina dawa, na mbu akitua huuma kupitia matundu pale mkono wa mtoto unapogusa neti. Chandarua chenye dawa ni salama kwa mtoto mchanga. Kitandaze kivulini siku moja kabla ya kukitumia, kisha mama na mtoto walale chini yake, kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma ndio usiofaa kwenye chumba cha mtoto.

Mengine tuliyapitia haraka. Woka haiharakishi kutembea, na huwafikisha watoto kwenye ngazi na majiko kabla mzazi hajageuka. Kanada iliipiga marufuku mwaka 2004. Asali isitiwe kinywani kabla ya mwaka mmoja, hata tone la kumkaribisha duniani, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto. Umanjano hautibiwi kwa jua la asubuhi. Ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukafika viganjani na kwenye nyayo, anahitaji hospitali na taa maalumu. Kwa ngozi zetu angalia macho na fizi, usitegemee rangi ya mashavu.

Jioni tulikwenda dukani tukabadilisha woka na poda. Tulirudi na kipima joto cha kwapani, sabuni isiyo na manukato, kikatio cha kucha na kanga doti mbili, zile laini zilizokwishafuliwa nikampa mimi kutoka sandukuni. Mtoto akizaliwa na uzito mdogo, kanga hizo zitamfunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, njia iliyoanza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 hospitali ilipopungukiwa na mashine za joto, na leo inatumika kwenye wodi zetu.

Kisha akachukua karatasi, akaandika kwa mkono wake, akaibandika ndani ya mlango wa kabati: anakataa kunyonya, anapumua haraka au kifua kinabonyea, joto 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, degedege, amelegea haamki, utosi umezama au umevimba, kitovu kina usaha, umanjano viganjani. Chini yake akaandika namba ya jirani mwenye bajaji, tukamwita kwa simu pale pale kumuuliza kama usiku huwa anaizima.