Kwa nini sheria ya mavazi humbana hata mgeni asiye wa dini wala desturi ile?

Aprili 2016 shirika la ndege la Ufaransa, Air France, lilirudisha safari zake za Paris hadi Tehran zilizokuwa zimesimama kwa miaka kadhaa. Wahudumu wa kike walipewa agizo: mkifika, kabla hamjashuka, vaeni suruali, koti pana na mtandio kichwani. Chama cha wafanyakazi kikaja juu. Hawa si raia wa Iran, walisema, mwajiri wao ni kampuni ya Ufaransa, na kujifunika kichwa ni jambo la imani ya mtu. Mwishowe shirika lilikubali kwamba asiyetaka apangiwe safari nyingine bila kuadhibiwa.

Angalia vizuri walichoafikiana. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kutembea Tehran kichwa wazi. Walichopata ni uhuru wa kwenda au kutokwenda, basi. Ndani ya mwafaka huo mdogo kuna jibu la swali ambalo watu wengi wanaohamia nchi nyingine hujiuliza: kwa nini desturi ambayo si yangu, pengine ya dini nisiyoiamini, inishike mimi?

Jibu la kwanza ni la kisheria. Sheria za nchi hushika ardhi, hazishiki pasipoti. Ukivuka mpaka unaingia chini ya kanuni za huko, sawa na unavyobadili upande wa barabara ukiendesha gari katika nchi wanakopita kulia. Iran ilianza kumwadhibu kisheria mwanamke asiyefunika kichwa hadharani mwaka 1983, na sheria hiyo haikutofautisha mwenyeji na mgeni, Mwislamu na asiye Mwislamu. Hata wanadiplomasia, wenye kinga ya kutoshtakiwa, wanatakiwa na Mkataba wa Vienna wa 1961 kuheshimu sheria za nchi inayowapokea. Kinga inawaepusha na mahakama. Haiwaondolei wajibu.

Watu wengi wakisikia habari hizi hufikiria nchi za Kiislamu peke yake. Wamekosea. Ufaransa ilipitisha mwaka 2010 sheria inayokataza mtu yeyote kuficha uso wake mahali pa umma, ikaanza kutumika Aprili 2011, na faini yake ni hadi euro 150. Mwanamke aliyezoea kuvaa nikabu kwao Ghuba, akienda Paris kusoma au hata kununua manukato kwa siku mbili, inamhusu kama inavyomhusu mzaliwa wa Marseille. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2014 mahakama ikaiacha sheria isimame. Uswisi nayo ina katazo kama hilo tangu tarehe 1 Januari 2025, faini ikiweza kufika faranga 1,000. Na si kufunika tu kunakokatazwa. Mji wa Sorrento, Italia, uliamua mwaka 2022 kuwatoza hadi euro 500 wanaozurura mitaani vifua wazi au na nguo za kuogelea, kwa sababu wakazi walichoka kuuona ufuo ukihamia mlangoni kwao.

Barbados ina katazo linalowashangaza wageni wengi zaidi: nguo za mabaka ya kijeshi. Asiye askari haruhusiwi kuzivaa, awe mwenyeji au mgeni, mtu mzima au mtoto, na hata begi la mabaka linahesabika. Jamaica na nchi nyingine kadhaa za Karibi zina kanuni kama hiyo. Hapa hoja si dini wala stara. Mabaka ni ya askari, na asiye askari akiyavaa anaweza kudhaniwa ana mamlaka asiyokuwa nayo. Mtalii aliyemnunulia mwanawe kaptura ya mabaka hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini nguo husomwa kwa macho ya mwenyeji.

Na hilo ndilo jibu la pili, ambalo kwangu mimi ni zito kuliko la sheria. Sehemu kubwa ya desturi za mavazi haimo katika kitabu chochote cha sheria. Hakuna polisi atakayekukamata, lakini nguo yako imeshasema kitu kabla hujafungua mdomo, na imekisema kwa lugha ya mahali ulipo. Bega lililo wazi kwako ni joto tu, kwa mwingine ni dharau. Kujitetea kwamba hukukusudia ni haki yako, ila maelezo hayo hayatamfikia kila aliyekuona njiani.

Thailand ilionyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Mfalme Bhumibol alifariki tarehe 13 Oktoba 2016 baada ya kutawala miaka 70. Ndani ya siku chache Bangkok nzima ilivaa nyeusi. Nguo nyeusi zikaadimika madukani, wauzaji wakapandisha bei, na watu wakaanza kutia rangi nguo walizokuwa nazo: masufuria makubwa ya maji meusi yanayochemka, mashati ya njano na bluu yakitumbukizwa na kutolewa kwa kijiti, kisha kuanikwa. Watalii waliombwa tu wavae kwa staha, rangi zisizopiga kelele. Hawakulazimishwa. Lakini mgeni anayefundisha shule pale, anayenunua chakula kwa mama yuleyule kila asubuhi, huyo hali yake ilikuwa nyingine. Akitokea na shati la maua katikati ya watu wanaolia, hakuna sheria aliyovunja, ila amewaambia majirani zake kwamba msiba wao haumhusu. Wageni wengi wakazi walivaa nyeusi pamoja na wenyeji.

Tofauti ya mtalii na mkazi ndiyo watu wanayoisahau. Mtalii hupita. Akikosea, kosa huondoka naye uwanja wa ndege. Mkazi ana mwenye nyumba, ana wenzake kazini, pengine ana wakwe. Akivaa visivyo, lawama hazimwangukii yeye, maana yeye ni mgeni na mgeni husamehewa. Humwangukia aliyemleta. Mwenye nyumba ataulizwa na majirani ni mtu wa namna gani amempangisha. Mwenzake wa kazini aliyemwalika kwenye harusi atasikia maneno ya shangazi zake wiki nzima. Kwa hiyo anayesema "mimi sijali wanavyonifikiria" huwa hajahesabu ni nani anayelipa.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wageni, na naliona ni kubwa: ukimya. Katika jamii nyingi ni utovu wa adabu kumwambia mgeni kwamba amevaa vibaya. Watu watatabasamu, watampa kiti, watamkaribisha chai. Naye atarudi nyumbani akiwaza kwamba mambo ni shwari, wala hawajali. Miezi inapita, mialiko inapungua, mazungumzo yanakuwa mafupi, na hajui kwa nini. Asingoje kuambiwa. Amwulize mtu mmoja anayemwamini, wa jinsia yake na rika lake, na aulize swali la moja kwa moja: nikienda pale na nguo hii, watu watasema nini nikishaondoka?

Kuuliza kunasaidia kuliko vitabu vya safari, kwa sababu desturi hazikai mahali pamoja. Saudi Arabia ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi mwanamke wa kigeni asingetoka nje bila abaya nyeusi, na polisi wa dini walikuwa na uwezo wa kumkamata mtu barabarani. Aprili 2016 polisi hao waliondolewa mamlaka ya kukamata. Machi 2018 Mrithi wa Ufalme, Mohammed bin Salman, alisema kinachotakiwa ni mavazi ya heshima, si lazima yawe abaya nyeusi. Nchi ilipofungua milango kwa watalii Septemba 2019, wanawake wa kigeni waliambiwa abaya si lazima, ila mabega na magoti yafunikwe. Wakati huohuo zilitoka kanuni za adabu za mahali pa umma, zinazowahusu wanaume vilevile, na kati ya makosa yaliyotajwa ni kutoka nje na nguo za kulalia. Aliyejifunza Riyadh ya mwaka 2010 akaenda nayo leo, atajikuta amejifunga zaidi ya wenyeji katika jambo moja na amevunja kanuni katika jingine.

Basi mtu atajuaje? Macho yake yamfanyie kazi wiki za mwanzo. Asiwaangalie watu wa matangazo ya biashara, wala watalii wenzake, wala vijana wa mtaa wa starehe usiku wa manane. Awaangalie watu wa umri wake na kazi kama yake, saa mbili asubuhi, kwenye kituo cha basi. Mikono ya mashati inaishia wapi? Wanaume wazima wanavaa kaptura siku ya kazi, au kaptura ni ya watoto na ya michezo? Wanawake wanafunika kichwa, au mabega tu, au hawajali? Kisha awaangalie watu haohao jioni, na siku ya ibada, maana mtu yuleyule huwa na vipimo tofauti. Katika nchi za Ghuba, mwezi wa Ramadhani kipimo hupanda, na kilichopita bila neno mwezi uliotangulia kinaweza kuleta manung'uniko.

Mahali pana uzito kuliko mji. Katika mji mmoja utakuta ufuo wenye kanuni zake, ofisi ya serikali yenye zake, na nyumba ya ibada yenye zake. Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikani humrudisha mlangoni aliyeacha mabega au magoti wazi, hata kama joto la Roma linaunguza. Kwenye mahekalu ya Bali mgeni hufungwa kitambaa kiunoni kabla ya kuingia, na sehemu nyingi huazimishwa palepale. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa nchini Ufaransa huwakataza wanaume bukta pana, wanataka vazi la kubana, na mengi yanataka na kofia ya kuogelea. Sababu ni usafi: bukta pana ni nguo anayoweza mtu kushinda nayo mitaani akakalia mabenchi, kisha akaingia nayo majini na vumbi lake. Mgeni aliyefukuzwa pale anaweza kudhani amebaguliwa, kumbe Mfaransa aliyemtangulia na bukta yake amerudishwa vilevile.

Wanaohama kwa ajili ya kazi wana swali jingine la kuuliza: anayenitaka nivae hivi ni nani hasa? Martha McSally, rubani wa ndege za kivita wa Marekani, aliishtaki serikali yake Desemba 2001 kwa sababu jeshi liliwaamuru wanajeshi wanawake waliokuwa Saudi Arabia kuvaa abaya kila watokapo kambini. Wanawake wa ubalozi wa Marekani nchini humohumo hawakulazimishwa na mwajiri wao. Agizo lilikuwa la jeshi lake mwenyewe. Mapema 2002 jeshi lililegeza, likageuza amri kuwa ushauri, na baadaye mwaka huo Bunge la Marekani likapiga marufuku kuwalazimisha. Kampuni nyingi hufanya kama jeshi lile: kwa kuogopa matatizo huweka masharti makali kuliko ya nchi yenyewe, kisha huyaita desturi za wenyeji.

Heshima pia haina maana ya kuigiza. Bhutan iliagiza mwaka 1989 raia wake wavae mavazi ya taifa, gho kwa wanaume na kira kwa wanawake, maofisini na kwenye shughuli rasmi. Mgeni hakubanwa, anatakiwa tu awe nadhifu na wa kiasi. Katika Ghuba kanzu nyeupe na kilemba huonyesha nani ni mwananchi, na mfanyakazi wa kigeni aliyevaa suruali na shati la mikono mirefu ameshatimiza alichotarajiwa. Methali ya kuvunja jicho ukifika kwa wenye chongo inadai mengi kuliko wenyeji wengi wanavyodai.

Sehemu ngumu ni pale wenyeji wenyewe hawakubaliani. Tangu Mahsa Amini, mwanamke kijana aliyekamatwa kwa madai ya kutofunika kichwa ipasavyo, alipofia mikononi mwa polisi Tehran tarehe 16 Septemba 2022, wanawake wengi wa Iran wameonekana mitaani bila mtandio, na sheria bado ipo. Mgeni anayeishi pale afuate yupi? Mimi nashikilia kwamba afuate sheria, hata kama moyo wake uko na wale wanawake. Wao wanajua ni mtaa gani, saa gani, na wako tayari kulipa gharama gani. Yeye hajui, na akikamatwa, familia iliyompangisha na rafiki aliyekuwa naye ndio watakaobaki kuhojiwa yeye akisharudishwa kwao.

Kwa mtu ambaye imani yake inamtaka jambo lililokatazwa kule aendako, kama mwenye nikabu aliyepata kazi Geneva, Uswisi, kuvumilia hakutoshi na ushauri wa macho haumsaidii. Swali lake liulizwe kabla ya kusaini mkataba, na majibu yawe kwa maandishi: kipi ni sheria ya nchi, kipi ni sharti la kampuni, kazini ni vipi na barabarani ni vipi, na je, akigundua hawezi, anaweza kuvunja mkataba bila kudaiwa nauli.