Chura Anayezaa na Makundi Matano Tuliyokaririshwa

Wengi tulimaliza shule tukijua kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wako katika makundi matano: samaki, amfibia (kundi la vyura), reptilia, ndege na mamalia, na kwamba mamalia huzaa na wengine wote hutaga. Mimi ni mtaalamu wa vyura, na kanuni hiyo inanipa tabu kila siku, kwa sababu chura wa Kihansi huzaa.

Ni chura wa njano, hafiki hata sentimita 3, na makazi yake ya asili duniani kote ni mahali pamoja tu: kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba unaweza kuwaona watoto ndani. Hatoi viluwiluwi. Anatoa vyura wadogo waliokwisha kukamilika.

Mbona basi bado ni amfibia? Tazama ngozi yake: tupu na yenye unyevu, haina magamba, manyoya wala nywele. Maji na hewa hupita humo. Ngozi hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati njema, baadhi yao walikuwa wamepelekwa kulelewa Marekani, na mwaka 2012 wazao wao wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa.

Kwa hiyo, ukitaka kujua mnyama mwenye uti wa mgongo ni wa kundi gani, achana kwanza na habari ya kuzaa. Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya naye huzaa, lakini ni reptilia: anapumua kwa mapafu na ana magamba makavu yasiyopitisha maji kirahisi. Papa potwe anayeonekana kisiwani Mafia huzaa pia. Ni samaki huyo, hata akipita mita 12, maana ana mapezi na anapumua kwa matamvua. Mifupa yake yote ni gegedu, yaani kitu laini kama cha sikioni, ila uti wa mgongo anao.

Baharini kuna njia rahisi zaidi: angalia mkia. Wa samaki huenda kushoto na kulia. Wa pomboo na nguva hupanda na kushuka. Hao wawili ni mamalia, huibuka juu kuvuta hewa na hunyonyesha watoto wao.

Maziwa ndiyo alama kubwa ya mamalia. Nywele zipo, ila zinaweza kuwa chache mno. Fuko uchi wa maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia ana vinywele vya kuhesabu, na hata joto la mwili linamshinda kulidhibiti kama mamalia wengine. Lakini malkia wao, yaani jike anayezaa katika kundi, ananyonyesha, basi.

Ndege hawasumbui: mwenye manyoya ni ndege, na wote hutaga. Popo anaruka, lakini ana nywele na ananyonyesha.

Kundi linalonikera ni reptilia. Mamba tunamweka pamoja na kenge kwa sababu ya magamba, ilhali kiukoo yuko karibu zaidi na kuku. Moyo wake una vyumba vinne kama wa ndege. Wa kenge una vitatu.