Mbegu ya Muhogo Haichoki

Wiki iliyopita, katika kijiji kimoja cha upande wa Pangani, mzee mmoja alisimama mbele ya wakulima wenzake, akavua kofia, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, ile mbegu mliyotuletea ilikuwa nzuri sana, lakini sasa imechoka." Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Kauli hiyo nimeisikia Muheza, nimeisikia Mkinga, nimeisikia hata kwa bibi shamba aliyepaswa kunisaidia kuikanusha, na mwezi huu nimeikuta katika taarifa ya mradi ikiwa imevishwa joho: "kushuka kwa nguvu za kijenetiki za mbegu". Hapo ndipo nilipoona heri niandike.

Ilikotoka naijua: imetoka kwenye mahindi. Mkulima akinunua mahindi chotara, akabakiza punje za mavuno yake na kuzipanda msimu unaofuata, shamba lake litakuwa la kila namna, mirefu na mifupi, yenye kubeba na isiyobeba, kwa sababu kila punje ina baba na mama, na vinasaba vilivyokutanishwa kwa makusudi katika uzao wa kwanza huchanganyika upya katika uzao wa pili. Mbegu za uchavushaji huria, yaani za mahindi yasiyo chotara, kama Staha, hazianguki kwa kiasi hicho, ingawa nazo huchanganyika na za jirani, hayo tuyaache. Tatizo ni kwamba somo hili la mahindi watu wamelibeba zima zima wakalitua kwenye muhogo.

Muhogo tunaupanda kwa pingili, na pingili ni kipande cha mmea ule ule: hakuna baba, hakuna mama, hakuna uzao wa pili. Ukikata shina la mmea mmoja leo, mwakani ukakata mashina ya mimea iliyoota humo, ukaendelea hivyo misimu kumi, ulicho nacho shambani bado ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Mbegu halisi ya muhogo, ile inayokaa tatu tatu ndani ya tunda dogo, tunaihitaji sisi watafiti pekee, kwa sababu kila moja hutoa mmea wa aina yake, na katika maelfu ya miche hiyo tunatafuta mmoja wa kubaki nao. Ukishapatikana, tunaacha mambo ya mbegu na kurudi kwenye pingili, ili usibadilike.

Anayetaka ushahidi apandishe Usambara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilianza kazi hii katika miaka ya 1930, pale watafiti Storey na Nichols walipouchanganya muhogo na ndugu yake wa mwituni, mpira wa Ceara, kisha wakarudia kuuchanganya mzao na muhogo mara kadhaa ili mizizi irudi kuwa ya kuliwa. Programu ile ilifungwa mwaka 1957. Mojawapo ya mihogo inayohusishwa nayo ni ule tunaouita Namikonga, ambao wenzetu wa Kenya wanauita Kaleso, na hadi leo, baada ya miongo mingi ya kukatwa pingili na kupandwa tena, bado tunautumia kama mzazi kwa sababu ya ukinzani wake dhidi ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kama mbegu ya muhogo ingekuwa inachoka, huu ungekwisha kufanyiwa arobaini. Mkonge nao ni hivyo hivyo: chotara 11648 aliyezalishwa nchini humu bado anapandwa, kwa sababu anaendelezwa kwa maotea na kwa miche midogo ya kwenye mlingoti, wala sijamsikia mtu wa Tanga akisema mkonge umechoka. Bei ya mkonge imepata kuchoka, lakini hiyo si kazi yangu.

Basi mzee ameona nini? Ameona kitu cha kweli. Mavuno yake yameshuka, na sababu ni virusi. Ugonjwa wa batobato uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka eneo letu hili la Usambara. Michirizi ya kahawia Storey aliieleza mwaka 1936. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, na yote mawili husafiri ndani ya pingili. Mwaka wa kwanza mkulima anapewa pingili safi. Inzi weupe wanaingiza ugonjwa kwenye mimea michache, naye msimu ukiisha anakata pingili popote mkono unapofika, pengine kwenye mimea mifupi isiyo na mizizi ya maana, kwa kuwa ile mizuri mashina yake yamekwisha kuombwa na shemeji. Kila mwaka sehemu ya mimea iliyopandwa ikiwa tayari inaumwa inaongezeka, hadi shamba lote linaumwa, ilhali vinasaba ni vile vile.

Batobato angalau haijifichi, kwa sababu jani linajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ndiyo inayoninyima usingizi. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini, yale ya uzee, ambayo huenda yamekwisha kupukutika siku unapokagua shamba. Kisamvu cha juu kinapendeza, mzizi kwa nje hauna kasoro, na ukiukata ndani unakuta madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Ndiyo maana naudhika ninaposikia mkulima akishauriwa kuchagua mbegu "kwenye mimea yenye afya" bila kuambiwa akate mizizi ya mmea huo vipande vipande kabla ya kuchukua shina lake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo katika vipeperushi vyetu huwa tunalipita haraka. Tunaandika kwamba aina fulani "inakinza" ugonjwa, ilhali nyingi kati ya hizo hustahimili tu. Kukinza ni kumzuia mgeni mlangoni au kumbana asizaliane. Kustahimili ni kumkaribisha, ukamlisha, na bado ukaenda kazini. Aina inayostahimili huvunwa vizuri huku imejaa virusi, na inzi weupe wakinyonya hapo wanavuka mpaka hadi shamba la jirani mwenye muhogo wa kienyeji usio na kinga yoyote. Mimi mwenyewe nimegawa aina za namna hiyo, nikapigiwa makofi, na sina hakika kwamba jirani yule angenipigia.

Wala siwezi kuapa kwamba kinachoitwa kwa jina moja shambani ni kitu kimoja. Jina Kiroba huweza kubandikwa mihogo tofauti katika vijiji viwili jirani, na mbegu halisi zikidondoka zikajiotea kati ya mistari, mkulima hukata mashina yake pamoja na mengine. Hapo muhogo wake umebadilika kweli, ila haukuchoka, umechanganyika. Na sisi tunaotaka abadilishe mbegu kila baada ya misimu michache tunasahau kwamba mmea mmoja wa muhogo hutoa pingili kama kumi tu kwa mwaka, ambazo hazihifadhiki ghalani kama mahindi, hivyo mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zile zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, hazifiki kila mahali zinapohitajika.

Yule mzee sikubishana naye siku ile, kwa sababu msimu uliopita tulikuwa tumepanda pamoja mistari miwili shambani kwake: mmoja wa pingili zake, mwingine wa pingili safi za aina ile ile. Tulipokwenda kuitazama, mstari safi ulikuwa umemfikia kifuani, na wake ulikuwa umejikunja. Nikaanza kufurahi. Mzee akanishika mkono, akanipeleka kwenye mimea mitatu ya mstari wake iliyokuwa mizima kabisa, ingawa pingili zake zilitoka kwenye mimea yenye batobato. Jambo hilo hutokea, kwa sababu katika aina zenye ukinzani virusi havifiki kila kifundo cha shina, na kipande kimoja huweza kuota kikiwa safi. Nilimweleza hivyo. Akanisikiliza hadi mwisho, akaitazama ile mimea mitatu, akauliza: "Kwa hiyo hii imepumzika?"

Nikamwomba asiikate hadi nirudi na kisu cha kupasulia mizizi.