Raja Ravi Varma: mchoraji aliyewapa miungu nyuso za watu

Ukiingia kwenye duka la mfanyabiashara wa Kihindu, liwe Mumbai au Mombasa, tupa jicho juu ya droo ya pesa. Mara nyingi utamkuta Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema, amesimama juu ya ua la yungiyungi katikati ya maji, mikono minne, sari imemkaa vizuri mwilini. Wengi hudhani sura hiyo ni ya kale kama dini yenyewe. Lakshmi ni wa kale kweli, ila huyu mwenye uso wa mwanamke unayeweza kukutana naye sokoni alienea miaka ya 1890, na aliyemchora tunamjua kwa jina.

Ravi Varma alizaliwa Kilimanoor, katika ufalme wa Travancore ambao leo ni sehemu ya Kerala, tarehe 29 Aprili 1848. Jamaa zake walikuwa na uhusiano wa ndoa na nyumba ya kifalme. Inasimuliwa kwamba utotoni alichafua kuta za nyumba kwa kuchora wanyama kwa mkaa, na mjomba wake, badala ya kumchapa, akaona kipaji. Akapelekwa kwenye kasri la Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Travancore.

Huko kulikuwa na jambo moja alilolitaka sana: rangi za mafuta. Wachoraji wa Thanjavur, mji wa kusini mwa India, walikuwa mafundi wa kubandika dhahabu na vito, lakini watu wao walikaa bapa, bila kivuli. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Mchoraji hupata muda wa kuichanganya papo hapo kwenye turubai mpaka shavu likaviringana na hariri ikang'aa. Ujuzi huo ulilindwa kwa wivu. Mchoraji wa kasri, Ramaswamy Naidu, hakutaka kumfundisha. Mwaka 1868 alipokuja Theodor Jensen kutoka Ulaya kumchora mfalme, naye hakumfundisha. Alimruhusu kutazama tu. Ravi Varma akatazama, kisha akaenda kujaribu mwenyewe, kuharibu na kuanza upya.

Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinair, jamii ya huko Kerala, akijipamba nywele kwa asumini ilishinda medali ya dhahabu Madras (Chennai ya leo). Kuanzia hapo maharaja na maofisa wa Kiingereza walimgombania. Alizunguka India pamoja na mdogo wake, C. Raja Raja Varma, mchoraji hodari ambaye nadhani hatajwi inavyostahili. Safari hizo zinaonekana katika picha ya 1889 iliyoko kasri la Jaganmohan, Mysore. Wanawake kumi na mmoja wamekusanyika na ala za muziki, kila mmoja na vazi la kwao na namna yake ya kukaa. Itazame picha hiyo taratibu: hakuna anayemtazama mwenzake. Ni kama kila mmoja alichorwa siku yake, kisha wakakutanishwa juu ya turubai.

Kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago, mwaka 1893, alipeleka picha kumi za wanawake wa India na kurudi na medali. Hata hivyo, kilichoubadilisha umma wa India si medali, ni mashine. T. Madhava Rao, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa falme za Travancore na Baroda, alikuwa amemshauri achapishe kazi zake, kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kuwatosheleza wote wanaozitaka. Mwaka 1894 akafungua kiwanda cha chapa Bombay (Mumbai ya leo), chenye mashine na mafundi kutoka Ujerumani. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake la chokaa, na karatasi ilipita juu ya jiwe moja baada ya jingine. Jiwe likihama kidogo tu, mdomo wa mungu unatoka nje ya uso. Mwisho ilipakwa vanishi ing'ae kama turubai.

Watu waliokatazwa kukanyaga hekalu kwa sababu ya tabaka lao sasa walikuwa na Lakshmi ukutani. Wanawake wengine walimshonea nguo halisi juu ya karatasi, kwa nyuzi za dhahabu na vipande vidogo vinavyong'aa.

Kibiashara mambo hayakumwendea vizuri. Tauni ilivuruga Bombay, madeni yakapanda, kiwanda kikahamishiwa karibu na Lonavala, na mwishowe akamuuzia fundi wake Mjerumani, Fritz Schleicher. Ravi Varma alifariki tarehe 2 Oktoba 1906. Baadaye wasanii wa Bengal walimbeza kwamba anaiga Wazungu. Hoja yao ina uzito katika picha zake za hadithi, ambazo nyingine ni kama jukwaa la maigizo. Lakini mbele ya picha zake za watu binafsi naona inalegea.

Tangu 1979 kazi zake ni hazina ya taifa, na sheria ya India hairuhusu zitolewe nchini. Kiwanda chenyewe kiliteketea kwa moto mwaka 1972. Chapa zake za zamani hazitolewi tena humo, ndiyo maana huwa naulizwa: hii picha aliyoiacha babu ni chapa ya zamani au kalenda ya juzi? Chukua kioo cha kukuzia, tazama shavu. Vidoti vilivyojipanga kwa mistari sawasawa ni vya mashine ya kisasa. Ukiona vimetawanyika ovyo, vingine vikubwa vingine vidogo, kuna uwezekano vilichorwa kwa mkono juu ya jiwe. Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Vanishi ya zamani hupasuka.